Uso Uliobaki Mweupe: Maisha ya Hyacinthe Butoyi, Mchoraji wa Mashevalie wa Angani

Ndugu, marafiki na majirani mliokuja kumsindikiza, maneno haya yameandikwa na Daphrose Bukuru, dada pacha wa marehemu. Humu ndani atajitaja kwa jina kama anayemzungumzia mtu mwingine, la sivyo hatafika mwisho. Wengine walitaka yasomwe kwa Kirundi au Kifaransa. Lakini Hyacinthe alichora katuni zake kwa Kiswahili miaka yote, akisema ndiyo lugha ya Bujumbura isiyomuuliza mtu ni wa upande gani, basi tumsindikize kwa hicho hicho.

Hyacinthe Butoyi alizaliwa mtaa wa Nyakabiga, hapa Bujumbura, Jumapili tarehe 3 Machi 1968, dakika ishirini baada ya dada yake. Wazazi wao, marehemu Mzee Honoré na marehemu Mama Odette, waliwapa majina ya mapacha kama ilivyo desturi yetu: Bukuru kwa aliyetangulia, Butoyi kwa aliyefuata. Baba alikuwa wa kabila moja na mama wa lingine, na nyumbani jambo hilo halikuwa habari. Butoyi alichelewa kuzaliwa, akachelewa kutembea, na mezani alifika sahani zikiwa zimepoa. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kusubiriwa.

Alianza shule mwaka 1975 hapo hapo Nyakabiga, akamaliza sekondari mwaka 1988. Mwalimu wake wa Kifaransa alimpa kitabu kikuukuu cha hadithi za kale za Ulaya, za mashevalie, wale wapiganaji wa farasi waliovaa chuma kuanzia kichwani mpaka miguuni, wakizunguka dunia kutafuta kikombe kitakatifu. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeliwa na panya. Wiki nzima alimkosesha Daphrose usingizi.

“Sasa kile kikombe walikipata ao hawakukipata?”

“Mi nitajuaje? Malizia mwenyewe!”

Akamalizia kweli, kwenye daftari la hesabu. Ngome hakuwahi kuiona, basi akazipeleka ngome zake angani, zikaelea juu ya ziwa kati ya nyota. Farasi akawageuza mashine zenye moto mkiani, kwa sababu, tuseme ukweli, miguu ya farasi ilimshinda.

Mwaka 1989 alianza kazi Buyenzi, katika karakana ya Mzee Shaabani, ambaye yuko hapa nasi. Alichora vibao vya maduka na kupamba malori. Ikaja Oktoba 1993, rais akauawa, na sote tunajua mauaji ya kikabila yaliyofuata. Siku moja ya Juni 1995, yeye na Daphrose wakirudi kutoka sokoni, vijana waliofunga njia walimsimamisha wakaanza kubishana juu ya pua yake, kama ni ya kabila lao au la lile lingine. Daphrose alivua kitambaa cha kichwa, akaubandika uso wake kwenye uso wa ndugu yake. “Muangalie vizuri! Huyu ni Butoyi wangu, tulitoka tumbo moja! Kama pua yake ni mbaya, na yangu ni mbaya!” Wakawaachia.

Miezi saba baadaye alitoa kitabu chake cha kwanza cha katuni, *Shevalie wa Nyota ya Saba*, kurasa kumi na mbili za fotokopi. Shevalie huyo anatafuta kikombe chenye maji ya mwisho ya sayari yake, na miji miwili inauana kwa ajili ya kikombe hicho. Wakati nchi jirani zilipotuwekea vikwazo na karatasi zikaadimika, alichora nyuma ya kalenda za zamani. Vilitoka vitabu ishirini na viwili. Katika vyote hivyo, Shevalie hakufungua kofia yake ya chuma, iliyomfunika uso, hata mara moja. Vijana waligombana karakanani: huyu anasema Shevalie ni wa kwao, yule anasema apana, ni wa kwetu. Mzee Shaabani naye alimsihi, “Mwanangu, tuonyeshe basi huyo mutu!” Butoyi akacheka. “Atafungua mu kitabu cha mwisho. Mutangoja.”

Tarehe 12 Aprili 1997 alifunga ndoa na Laure, muuza vitenge, msomaji wa kwanza aliyethubutu kumwambia kuwa hata hao farasi wake wa mashine wanafanana na mbuzi. Mungu aliwajalia binti mmoja, Bella, mwaka 1998, wakahamia Musaga. Laure alimpenda kwa subira, na yeye alimpenda Laure waziwazi, bila haya.

Jumapili tarehe 6 Julai mwaka huu wa 2003 alishikwa na malaria kali. Kesho yake mabomu ya waasi yakaanza kuanguka, na njia ya kwenda mjini ikafungwa. Jirani yetu Jovithe, muuguzi, alimpa kwinini yote aliyokuwa nayo. Tunamshukuru mbele ya watu wote. Butoyi alikuwa kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu cha ishirini na tatu. Jumatano adhuhuri, akiwaka homa, alimwita dada yake.

“Bukuru, leta penseli. Kuja ukae hapa dirishani, mu mwanga.”

“We Butoyi, lala kwanza. Katuni hazikimbii.”

Akaomba tena, na tena. Daphrose aliona ni homa inayosema. Akaichukua penseli, akaificha ndani ya kopo la unga wa muhogo ili ndugu yake apumzike. Alhamisi tarehe 10 Julai, saa nane mchana, Hyacinthe Butoyi alifariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa Laure.

Siku ya tatu Laure alifungua daftari. Ukurasa wa mwisho mnauona nyuma ya karatasi hii. Maji yamemwagwa, miji yote miwili inakunywa, na Shevalie ameinua kofia yake. Ndani ya kofia hakuna kitu, ni karatasi nyeupe. Pembeni ameandika kwa penseli: “Uso wa Daphrose, kama siku ile njiani. Akae dirishani nimuchore.”

Daphrose anaomba msamaha hapa, mbele yenu na mbele yake. Hakujua.

Marehemu ameacha mjane, Laure, na binti, Bella. Ameacha dada yake pacha, Daphrose. Ameacha Mzee Shaabani aliyemlea kikazi, na wasomaji wa mitaa ambayo haisalimiani, lakini leo wamesimama pamoja kwenye makaburi haya.

Penseli tumekuwekea mfukoni mwa shati, upande wa kulia. Pumzika, Butoyi wangu, pumzika kwa Mungu. Nimevua kitambaa. Nimesimama mu mwanga.