Margarida na Zamu za Kuwalimia Wazazi

Ndugu Wakristo, na majirani zetu Waislamu mliofika, tunayemzika leo, Ijumaa tarehe 15 Desemba 1972, ni Margarida Faustino, mke wa katekista Germano. Alizaliwa Pundanhar mwaka 1928, mtoto wa tatu wa mkulima, Mzee Faustino. Alisoma misheni miaka mitatu. Alitoka akijua kusoma, kushona na kubishana, na hilo la mwisho hakufundishwa na masista.

Aliolewa na Germano Julai 1947. Desemba 1949, msimu wa kupanda, alijifungua mtoto wa kiume. Germano alikuwa misheni akifyatua matofali ya kanisa. Mvua ilikwisha nyesha na shamba halikuwa na mtu, basi siku ya tisa Margarida akashika jembe. Mtoto alipata homa hukohuko shambani, akafa. Wakristo walikuja kuzika na vikapu vya unga, vikajaa baraza. Margarida aliwatazama, akasema, "Mngeniletea juzi." Kwa miaka mingi hakutaka kusikia habari za matofali, na Germano alijua sababu.

Vita vya kumng'oa Mreno vilipoanza mwaka 1964 padri aliondoka, watu wakahamia porini kukwepa ndege, kanisa likawa la nyasi. Vijana wengi waliooa juzijuzi walikwenda kubeba mizigo ya mapambano kutoka ng'ambo ya Ruvuma, wake zao wakajifungua bila msaada. Hapo Margarida alianzisha zamu: mzazi akae siku arobaini bila kugusa jembe wala mchi, kanisa limlimie, limtwangie na kumtekea maji. Wachumba nao walihudumu wiki nzima kwa mzazi kabla Germano hajatangaza ndoa yao. Kijana mmoja alimfunga mtoto mgongoni kichwa chini miguu juu. Harusi yake ilisogezwa mwezi mzima.

Mwaka 1971 Beatriz, aliyeolewa na Shaibu, Mwislamu wa Tungue, alijifungua mapacha. Mzee Lázaro, mkuu wa baraza la kanisa, alikataza asiwekewe zamu.

"Mana Margarida, dada yangu, huyo katoka kanisani kwa miguu yake mwenyewe. Na kanisa ni la sala, si la kutwanga."

"Mie wangu nilimzika kwa sala zenu, mzee. Zilikuwa nzuri. Hazikumrudisha."

Alichukua jembe akaenda peke yake, siku nne. Siku ya tano wanawake wakamfuata. Lázaro hakwenda. Mapacha wale wako hapa, mmoja kwa mama yake, mmoja kwa Shaibu.

Kichomi kilimshika mwishoni mwa Novemba, na dawa ilichelewa kuvuka Ruvuma. Jumanne alimwuliza mumewe jambo moja tu: nani atashika zamu yake kwa Catarina, aliyejifungua Jumapili? Hilo lilimuuma Margarida kuliko ugonjwa wenyewe. Margarida alifariki jana Alhamisi asubuhi, saa tatu.

Ameacha mume, mabinti wawili, Isabel na Delfina, na wajukuu wanne.

Mmekuwa mkiulizana mbona Mzee Lázaro haonekani makaburini. Alifika nyumbani leo mapema, akamwomba Germano jembe la marehemu. Yuko shambani kwa Catarina. Amesema asingojewe.

Lala salama, Margarida. Zamu yako imeshikwa.