Ukurasa wa Tisa

Saa nane mchana, kwenye benchi nje ya duka lake la kuchapisha, Wino aliketi na maboksi mawili miguuni, kikombe cha kahawa mkononi. Ndani ya maboksi mlikuwa na ripoti za mazingira za kiwanda cha nguo, mteja anayemlisha. Boksi moja la hapa, jingine la ng'ambo. Ripoti zilifanana, ila ya hapa ilizidi kwa ukurasa wa tisa. Hapo palikuwa na picha ya kaka yake, kando ya mto, anatabasamu. Kaka huyo walimzika miaka miwili iliyopita, kifua kimeharibiwa na rangi za kiwanda hichohicho.

— Na tangu asubuhi boksi hili la hapa linakohoa, alisema Wino.

— Vumbi hilo, alicheka Breki, fundi baiskeli. Na picha ni ya zamani. Ya kale dhahabu!

— Zamani gani? Huo mti nyuma yake umepandwa mwaka jana, sote tukiona.

— Basi kompyuta imeiunda, alisema Profesa, mshona viatu asiyekosa jibu.

— Kompyuta imejuaje kwamba alikuwa akikunja mkono mmoja tu wa shati?

Breki akashusha kikombe.

— Mimi nasema hakufa. Wamemficha ng'ambo.

— Ripoti ya ng'ambo ndimo walimomtoa! alisema Wino. Kule sheria inadai ushahidi wa kila neno. Sheria ya hapa haiulizi kitu.

— Ala! Wafu huku ruhusa, kule marufuku? alisema Breki. Ndiyo maana wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hakuna aliyecheka. Shemeji yake Wino, mjane wa marehemu, alikuwa amefika, kidole tayari kiko chini ya picha. Akasoma polepole: “Tangu kiwanda kisafishe mto, kifua changu kimepona.” Tarehe ilikuwa ya mwezi uliopita.

— Shemeji, maneno haya alimwambia nani?

Profesa akaisoma tarehe tena.

— Na hao wa ng'ambo, wanauliza kweli? aliuliza mjane.

— Mpaka wajibiwe, alisema Wino.

Honi ya gari la kuchukua maboksi ikalia. Wino aliogopa, wallahi aliogopa. Kiwanda kikiondoka, duka limekwisha. Akabandua karatasi za anwani kwenye maboksi yote mawili, akazibadilisha nafasi, akazibandika kwa gundi.

— Umekosea, alinong'ona Breki.

— Najua.

Dereva akaliinua boksi ambalo sasa lilikuwa la ng'ambo, akasita, akawatazama mmoja mmoja.

— Nani anaumwa kifua hapa?