Joab Oloo na Wimbo Usioitikiwa

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Joab Oloo. Joab Oloo alizikwa Jumamosi iliyopita. Huenda jina lake hamlijui. Lakini yeyote aliyefanya kazi Shimanzi, Mvita, miaka ya arobaini aliijua sauti yake.

Mwaka wa 1946 Joab alikuwa kijana, hamali katika kiwanda kikubwa cha kamba za mkonge. Kazi yake ilikuwa kusukuma shinikizo, yaani mtambo wa kubana kamba ziwe robota. Wanaume wanane waliushika mti mrefu wa mtambo huo, wakauzungusha kwa pamoja. Kwa pamoja, wasikilizaji. Mmoja akitangulia, mwingine anaumia. Ndiyo maana paliimbwa. Manju alitoa mstari, wenzake wakaitikia "Haya!", na katika hilo "haya" mti ukasogea. Manju wao alikuwa Joab.

Sasa, vumbi la mkonge hukausha koo. Uani palikuwa na bomba moja la maji, na bomba hilo lilitiwa kufuli. Meneja, Bwana Abdulgani, aliona kwamba watu wanapoteza wakati pale. Akaamuru lifunguliwe adhuhuri tu. Wafanyakazi walilalamika. Hawakusikizwa. Basi Joab akaimba:

Bwana anywa chai — Haya!
Birika latoa moshi — Haya!
Na koo la hamali — Haya!
Lakauka kama mkonge — Haya!

Abdulgani alizaliwa Mji wa Kale. Kiswahili chake kilikuwa cha Mvita, hakuhitaji mkalimani. Mwanzoni alicheka. Lakini siku moja wageni wa kampuni walikuja kukagua, wakauliza watu wanachekea nini. Siku hiyo hakucheka. Akaupiga wimbo marufuku.

Marufuku ikatiiwa, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Mti ulisogea, ukasita, ukasogea, ukasita. Marobota yalitoka malegevu kama godoro kuukuu. Na huko bandarini Kilindini meli ilikuwa ikiyangoja.

Abdulgani akashuka mwenyewe kutoka ofisini.

"Joab, imba."

"Bwana, umekataza."

"Imba nyingine basi. Imba ya kanisani kwenu."

"Ya kanisani ni ya kupiga magoti, bwana. Kazi hii ni ya kusimama."

Abdulgani akamvuta kando. Akamwahidi unyapara. Akamwahidi na nyumba ya kampuni, yenye bomba lake uani. Sharti lilikuwa moja tu: wimbo urudi, na bwana atajwe kwa sifa.

Mkewe Joab, Mama Zilpah, alikuwa mjamzito. Kila alfajiri alijitwika debe la maji kutoka mbali. Anakumbuka alivyomwambia mumewe: "Joab, nyumba hiyo ina bomba. Mtoto huyu ataoga nini? Wimbo?"

Joab hakutulia. Alitoka Shimanzi akashuka hadi Liwatoni, akarudi, akashuka tena. Mzee Musyoka, aliyeshika naye mti mmoja, alimwona akipita mara ya pili; habari ya ahadi ilikuwa imekwisha kuenea.

"Shikamoo, nyapara!" Musyoka alimpigia kelele. "Wapima barabara siku hizi?"

Joab akaendelea kushuka. Alikuwa amekwisha kukubali. Narudia, wasikilizaji: Joab Oloo alikubali. Familia yake imetuomba tusilifiche hilo.

Asubuhi Abdulgani alisimama kando ya shinikizo, funguo mkononi. Joab akaushika mti, akatoa mstari:

Abdulgani, mwana wa Mvita —

Kimya.

Akarudia, kwa sauti ya juu zaidi. Kimya. Wenzake walikuwa wameushika mti vilevile, macho chini. Hawakugoma. Hawakuitikia tu. Na manju asiyeitikiwa ni mtu apigaye kelele peke yake.

"Alitutazama mmoja mmoja," anasema Mzee Musyoka. "Jasho lamtoka, na kazi haijaanza. Mimi nilichelea atalia."

Joab hakulia. Alifumba macho, akaimba:

Koo langu lakauka —

"HAYA!"

Mti ukazunguka. Ulizunguka mara moja. Kisha Joab akauachia, akaenda akakaa chini kando ya bomba. Wanaume wa shinikizo wakamfuata. Wakaja wasokotaji wa kamba. Wakaja wachambuzi wa mkonge. Ua ukajaa watu walioketi. Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyerusha jiwe.

Abdulgani alitazama upande wa bandari, kulikokuwa na meli. Akawatazama watu.

"Nyinyi mtaniua," alisema.

Akafungua kufuli. Bomba halikufungwa tena.

Nyumba alipewa mtu mwingine. Joab aliondolewa kwenye shinikizo, akapelekwa kufagia ghala, mahali ambapo kazi haihitaji wimbo. Januari iliyofuata kisiwa kizima cha Mvita kiligoma, na Joab aliuacha ufagio akatoka pamoja na wenzake. Lakini nyumbani bomba halikuwapo. Mtoto alizaliwa, naye Mama Zilpah aliendelea na debe lake.

"Nilinuna," Mama Zilpah anasema. "Nilimpikia, lakini sikumsemesha. Miezi. Hata alfajiri moja nikaamka, debe halipo. Amelichukua yeye. Mwanamume na debe kichwani! Nikawasikia watu wakimcheka njiani. Kisha nikamsikia yeye, anakuja anaimba, maji yammwagikia. Mimi niko jikoni na hasira zangu. Akafika mlangoni, akatoa mstari. Nikajikuta nimesema, 'Haya.'"

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Mama Zilpah, binti yao Jael, na wote walioushika mti ule pamoja na Joab. Mwenyezi Mungu awape subira, naye marehemu ampe pumziko ambalo miguu yake haikulijua.

Na wewe unayetusikiliza, kesho ukifika kazini, uwe ni mshika mti au mshika funguo, tega sikio. Kuna mtu ametoa mstari. Je, yupo anayemwitikia?