Laurian Mughwai na Maneno Aliyokatazwa Kuyarudia

Ndugu waombolezaji, tunayemzika leo ni Laurian Damiani Mughwai. Alizaliwa Mgori tarehe 3 Juni 1931, mtoto wa kwanza wa mzee Damiani Mughwai na mama Marietha.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, kisha akajifunza kazi ya mifugo. Baada ya Uhuru alihamishiwa Kinyangiri kusimamia josho la kuogeshea ng'ombe. Huko alizoea kumkagua ng'ombe kabla ya kumsalimia mwenye ng'ombe. Mzee mmoja alipolalamika, alimjibu, "Shikamoo babu. Wewe ukiumwa utasema. Huyu je?"

Mwaka 1956 alifunga ndoa na Anastazia Filipo, wakajaliwa watoto wanne.

Ugonjwa wa akili ulimwanza mwaka 1965. Hakulala, hakula, alilia bila kujua sababu. Agosti 1966, wakitoka joshoni, alimwambia mdogo wake Ignas, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, "Ignas, nafikiria kujiua."

Ignas akamjibu, "Kaka, wewe mtu mzima. Maneno hayo usiyarudie."

Hakuyarudia kwa miaka mitano. Kazini alitania watu. Nyumbani aligeukia ukuta.

Mwaka 1971 Anastazia alimkuta amekaa zizini, akamuuliza waziwazi, "Baba Raheli, unataka kufa?"

"Ndiyo."

Mkewe hakumkemea. Alikaa chini kando yake mpaka mumewe akamaliza kusema. Kesho yake wakapanda basi kwenda hospitali Dodoma. Alipewa dawa, akapata nafuu. Siku mbaya zilirudi mara kwa mara, lakini sasa alikuwa na wa kumwambia. Mwaka 1974 alihamia kijiji cha ujamaa pamoja na wenzake, akasimamia ujenzi wa josho jipya.

Ignas aliyaona hayo yote, asimwombe radhi kaka yake. Kila mara alijiambia bado ipo nafasi. Marehemu aliposhikwa na kichomi, Ignas alifika Alhamisi, tarehe 11 Machi 1976, akamkuta hatambui mtu. Alifariki kesho yake asubuhi.

Ndugu zangu, miaka ile mitano aliibeba peke yake, nami nilikaa nyumba ya pili. Kama yupo hapa mwenye mawazo kama yale, aje kwangu. Sitamkatiza.

Ameacha mjane, Anastazia, watoto Raheli, Antipasi, Maria na Mazengo, wajukuu wawili, na mdogo wake mmoja.

Laurian, kaka yangu, Mungu akupumzishe. Nisamehe.