Vikombe vya Marijani

Kijiwe chetu cha Ukonga kiko mbele ya karakana ya Gregori, fundi vitanda. Kahawa anatuletea Marijani. Huyu haiti mtu. Akifika kona anagonganisha vikombe vyake vidogo, na kila mtu anageuza shingo, hata aliyekuwa anasinzia. Jumamosi hiyo Gregori alikuja na binti yake Hope, miaka mitatu, hajawahi kutamka hata mama. Alimkalisha kwenye maranda ya mbao, akampa vizibo vya soda achezee, akatuambia saa tano anampeleka kwa bibi mmoja wa tiba za kienyeji akamkate chini ya ulimi. Kahawa ikanishinda. Mwezi wa saba bibi huyohuyo alimkata Hope kimeo, na aliyemwelekeza Gregori kule ni mimi, kwa mdomo wangu huu unaojua kila kitu.

— Ulimi hauna kosa, braza, alisema Albano, karani mstaafu tunayemwita Profesa. Ishu ni lugha. Mama yake Mmakonde, wewe Muha, mtaani Kiswahili, kwenye simu katuni za Kizungu. Mtoto bado anachagua.

— Anachagua miaka mitatu? Gregori aliuliza.

— Nyie mnaona kuchagua kazi ndogo? Halafu hizo katuni zinaongea mno, zinammalizia maneno.

— Katuni msizisingizie, Gregori alisema. Hata nikizima sauti anaangalia vilevile, hana habari.

Tukatikisa vichwa, tukanywa kahawa. Kasiani akajisogeza. Huyu tunamwita Daktari kwa sababu aliwahi kulinda duka la dawa.

— Mie nilishasema toka mwaka jana. Mikocheni kuna nyumba ina kasuku, anasalimia wageni kwa majina. Mlinzi wa pale namjua. Tunaomba maji aliyobakiza kasuku, mtoto anakunywa Ijumaa tatu.

— Akija kuongea kama kasuku je? Profesa aliuliza.

— Si atakuwa ameongea?

— Bora hata hivyo, Gregori alisema. Hata akianza na matusi, mie nitashukuru. Mama yake kila jioni anamkalisha, “sema mama, sema mama,” mpaka analia yeye. Jana kaniuliza kama Mungu anamwadhibu kwa ule ugomvi wake na mama yangu. Nimechoka, jamani. Kama ni kukatwa, akatwe tu, tumalize.

Nilitaka kumwambia asiende. Lakini ningemwambia aende wapi? Nikamsogezea Hope kizibo kilichobingirika, na hiyo ndiyo siku moja niliyotakiwa kusema.

Kulikuwa na dada amesimama mlangoni, amekuja kuulizia kitanda. Jina lake, Demetria, tulilijua baadaye.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Samahani baba, huyu mtoto anasikia?

Profesa alimgeukia Daktari. Daktari akachungulia kikombe chake. Gregori alinitazama mimi, kana kwamba niliyejua njia ya kwa bibi ningejua na hili. Mwaka mzima tumemjadili yule mtoto, kuanzia koo, ulimi, ukoo mpaka simu, na masikio yake hakuna aliyeyakumbuka.

Marijani, ambaye huwa hachangii mada, alisimama taratibu nyuma ya Hope. Akachukua vikombe viwili, akagonganisha. Ng'ambo ya barabara bodaboda akageuka. Mama wa genge akageuka. Hope akaendelea kupanga vizibo.

— Gonga tena, alisema Gregori.

Akagonga.

— Karibu zaidi, Marijani.

Marijani akainama mpaka kwenye kisogo cha mtoto, akagonga kwa nguvu, kikombe kimoja kikapasuka mkononi. Kipande kikaangukia kwenye maranda, mbele ya Hope. Alipokiona akakiokota, akakigeuzageuza, kisha akanyanyuka akampelekea baba yake, anacheka.