Kikohozi cha Benchi la Tatu

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kufagia kanisa, kupiga kengele na kuanzisha zaburi, mzee wetu tunayemwita Kengele anastaafu tarehe 30 Juni. Mimi, karani wa baraza la wazee, nimeombwa niandike mambo mazuri tu. Nitajitahidi.

Kwa wageni wetu: sisi huimba zaburi tu, kwa midomo mitupu, bila kinanda wala ngoma. Mtu mmoja husimama mbele akaanzisha, wote tukafuata, na zaburi ikishaanza haikatizwi hata paa liezuke. Kwa hiyo mwanzishaji akikosea, tumekwisha.

Kengele hakuwa mtu wa kukosea, isipokuwa pale mkewe aliposafiri kwenda kumwangalia binti yao aliyejifungua. Jumapili ile mzee aliipandisha sauti juu mno, na Mchungaji, bila kujua, alikuwa amechagua zaburi ndefu kuliko zote. Kufika katikati, muuza nyama alikuwa amevimba mishipa ya shingo, akina mama wanapepeana, na mzee mmoja wa kanisa anafungua mdomo kwa heshima tu. Tuliimaliza. Wiki iliyofuata, kwa woga, akaanzia chini hadi tukawa tunanguruma. Mkewe aliporudi mambo yakatulia, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Mama huyo alikuwa na kikohozi. Kila Jumapili, pale benchi la tatu, kabla ya zaburi alikohoa mara moja, taratibu, na mwishoni kikawa na mvumo kidogo. Tulimhurumia mno. Muuguzi wetu alimletea dawa ya kifua miaka nenda miaka rudi, naye akaipokea kwa shukrani.

Kengele alipotangaza kustaafu, tukaanza kubishana. Nusu yetu walisema sasa kinunuliwe kinanda. Nusu nyingine wakaapa kwamba kikiingia kwa mlango huu, wao watatokea ule. Na sisi hatutishii bure: dhehebu letu lilijitenga na dhehebu lililokuwa limejitenga na dhehebu lingine. Tukigawanyika tena, kila upande utaenea benchi moja. Niliogopa, sifichi.

Fundi bomba akateuliwa ajaribu. Jumapili iliyopita alisimama mbele, jasho linamtiririka. Mama akakohoa. Wapi, fundi hakuanza! Akakohoa tena, safari hii kama anayemwamsha mtu. Fundi akashtuka, akaidaka sauti ileile, na zaburi ikatoka safi. Kanisa zima likageukia benchi la tatu huku linaimba, maana haikatizwi. Kengele aliinamisha kichwa, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Baadaye alikiri kwamba bila mkewe hajui juu wala chini. Sasa, kwetu wanawake hawaongozi ibada, hivyo baraza la wazee likajadili mchana kutwa. Muuguzi naye akaja kudai dawa zake, na Mama akazirudisha zote, hazijafunguliwa hata moja. Mwishowe nikaandika uamuzi kwa mkono wangu: kukohoa si kuongoza. Hoja ya kinanda ikafa, na Jumapili hii tutaketi pamoja.

Asante sana, Kengele. Fagio tumelipokea, kengele tutaipiga. Pumzika, baba yetu, Mungu akupe afya tele na wajukuu wasumbufu. Na Mama, benchi la tatu ni lako; tunakuombea kila siku hicho kikohozi kisipone.