Ukurasa wa Pampu

Kwenye benchi la mbele ya gereji ya Eustaki, mjini Sumbawanga, kahawa ya asubuhi hunywewa na makoti mwilini, maana baridi ya Ufipa haina aibu. Jumatatu hiyo mzee Zenon alifika amekumbatia kitabu cha trekta lake, kile kikuukuu chenye picha ya kila nati, alichoachiwa na baba yake aliyekuwa dereva wa misheni. Mvua za kwanza zilishanyesha, majirani walishaanza kulima, na pampu yake ya kunyanyulia plau ilikuwa vipande ishirini na mbili juu ya gunia. Eustaki, fundi anayeitwa Nozeli kijiwe kizima, aliifungua vizuri sana. Kuirudisha ndiko kulikomshinda.

— Mzee, nipe ukurasa wa pampu.

Zenon akafunua, akafunua tena. Haukuwepo.

Wala haukuibwa. Miaka yote, mwenye trekta kama lake akikwama, Zenon hamnyimi: huchana ukurasa unaohusika, huukunja na kumpa aende nao shambani. Kitabu hakiazimwi, ukurasa ruksa. Alijivunia sana utaratibu huo.

Leonsi, karani mstaafu waliyembatiza Spika, alisema ukurasa uko kijijini Msanzi, kauona ukutani kwa mtu, ndani ya fremu, kando ya picha ya harusi. Nozeli akakataa katakata. Ule ni wa klachi. Wa pampu uko Laela, na trekta la huko siku hizi haliwaki mpaka lionyeshwe karatasi.

— Linaonyeshwa upande gani? Spika akauliza.

— Mbele, kwenye taa. Litaonea wapi kwingine?

Spika hakukubali kuachwa nyuma. Akadai kiwanda chenyewe kilishasahau trekta lile lilitengenezwaje, na wenye kiwanda wapo njiani kuja Sumbawanga kumpigia Zenon magoti.

— Waje na koti, Zenon akasema, akacheka, akalisahau gunia kidogo. Alipenda mno kitabu chake kikisifiwa.

Pembeni alikuwa ameketi Sekela, bibi shamba mgeni kutoka Mbeya, akisubiri pikipiki yake izibwe pancha. Akawaamkia shikamoo, akaomba kukiona hicho kitabu. Akafunua taratibu. Jinsi ya kurekebisha kiti. Jinsi ya kupiga honi. Jinsi ya kuosha trekta. Jinsi ya kutumia kitabu hiki.

— Kwa hiyo mzee umebaki na kurasa za vitu visivyoharibika?

Spika akaanza kupuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Nozeli akahesabu upya vipande vyake. Zenon alishikwa na aibu mpaka masikio yakamuwaka. Kisha akayakumbuka yale matrekta ya watu aliowagawia kurasa, lile la breki kule Mwimbi, lile la klachi, lile la rejeta, yote asubuhi hii yapo shambani yanalima. Roho ikamtulia, hata akatamani kuyaona.

— Kurasa zangu nazifuata mwenyewe, akasema, akifunga vifungo vya koti. Nyumba kwa nyumba. Hakuna nitakakokosa chai.

— Na ule wa pampu utaanzia wapi? Sekela akauliza.

Zenon, Spika na Nozeli wakanyoosha vidole kwa pamoja, kila mmoja barabara yake.